Mpaka wa Haki: Kuzisoma Sheria za Kiingereza na Kijerumani kwa Jicho la Mhakiki

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi tahakiki za tenzi na mashairi huenda akashangaa safari hii kuona tumefungua majalada ya sheria. Tunamwomba asifunge kurasa. Sheria nayo ni fani ya maneno. Mwenye kuiandika hulipima neno kama mshairi anavyopima mizani, akijua kwamba silabi moja ikizidi au ikipungua, ubeti mzima huenda mrama. Tofauti ni kwamba ubeti ukienda mrama wasikilizaji hucheka, ilhali sheria ikienda mrama yuko mtu atakayelia.

Tena sisi watu wa visiwani na wa mwambao tuna sababu yetu ya kuzitazama kwa makini lugha hizi mbili. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana mamlaka katika nchi nyingi za Afrika. Ujerumani ilikubali Waingereza waweke himaya yao juu ya Unguja na Pemba, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini. Kifungu cha 11 kilihusu mrima wetu. Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani aiachie Ujerumani milki zake za bara pamoja na kisiwa cha Mafia, naye alipwe fidia kwa mapato atakayoyakosa. Fidia ya namna gani? Kiingereza kilisema equitable, yaani ya uadilifu. Kijerumani kilisema billig. Neno hilo, katika lugha ya mahakimu wa Kijerumani, lina maana iyo hiyo ya uadilifu, na mpaka leo limo katika sheria zao za madai kwa maana hiyo. Lakini Mjerumani wa leo akilitamka sokoni, anakusudia kitu cha bei rahisi. Sultani Ali bin Said, ambaye hakuwa miongoni mwa waliotia saini, alilipwa marki milioni nne. Kama malipo hayo yalikuwa billig kwa maana ya hakimu au kwa maana ya mchuuzi, tunamwachia msomaji aamue.

Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba haki ya mtu, na hata haki ya nchi, yaweza kusimama au kuanguka juu ya neno moja. Tunachotaka kukihakiki hapa ni namna lugha hizi mbili zinavyoitamka haki, na zaidi namna zinavyoutamka mpaka wake. Katika Kiswahili neno mpaka lina kazi mbili. Ni alama ya mahali linapokoma shamba la mtu, na pia ni neno la kufungia sharti, kama tunaposema, "Hutoki mpaka upewe ruhusa." Haki iliyoandikwa huwa na mipaka ya namna zote mbili, na mhakiki mzuri huitafuta yote.

Tuanze na jina lenyewe. Kiingereza kina maneno mawili: law kwa sheria na right kwa haki. Kijerumani kinatumia neno moja, Recht, kwa yote mawili. Wanazuoni wao wakitaka kupambanua huongeza sifa, wakataja Recht iliyo nje ya mtu, inayowafunga watu wote, na Recht iliyo mkononi mwa mtu, anayoweza kuidai. Hapa tayari pana tofauti ya mtazamo. Katika sikio la Mwingereza haki na sheria ni watu wawili, na huweza kugombana. Katika sikio la Mjerumani haki imezaliwa ndani ya nyumba ya sheria, na mipaka yake ni kuta za nyumba iyo hiyo.

Sisi tuna haki na sheria, maneno mawili yaliyotufikia kutoka Kiarabu. Lakini haki yetu imebeba mzigo mkubwa kuliko right. Ni kile mtu anachostahiki, na pia ni uadilifu wenyewe. Tunasema "nipe haki yangu", na tunasema "haki itendeke", kwa neno lile lile. Kwa hiyo Mswahili akiambiwa kwamba haki yake imewekewa mipaka, masikioni mwake husikia kama kwamba uadilifu umepunguzwa, na jirani wa uadilifu uliopunguzwa ni dhuluma. Mwenye kutafsiri sheria kwa Kiswahili hana budi kulijua jambo hili kabla hajashika kalamu, kwani kinachopita kimya katika Kiingereza huweza kupiga kelele katika lugha yetu.

Tuje kwenye kitenzi, maana uhai wa sentensi uko hapo. Sheria ya Msingi ya Ujerumani, iliyotangazwa Bonn tarehe 23 Mei 1949, wakati nchi ile ingali magofu, inafungua kwa kauli fupi kuhusu utu wa mwanadamu. Inasema kwamba utu huo ist unantastbar. Kitenzi ist ni cha wakati uliopo: ndivyo jambo lilivyo. Haikuandikwa kwamba utu usiguswe, wala kwamba hautaguswa. Imeandikwa kwamba hauguswi kwa kuwa haugusiki. Watu waliokuwa wametoka kuuona utu ukikanyagwa kwa miaka 12 waliandika kana kwamba jambo hilo haliwezekani. Huko ni kusema kinyume cha yaliyoshuhudiwa, na nguvu ya sentensi inatoka hapo.

Sasa tazama tafsiri rasmi ya Kiingereza. Ist imegeuka shall be. Kauli ya hali imekuwa kauli ya amri. Mfasiri hakukosea, kwa sababu sikio la kisheria la Kiingereza limelelewa na shall tangu zamani, na sheria isiyokuwa nayo huonekana haijavaa kanzu yake. Hata hivyo kuna kitu kimepotea njiani. Amri humtambua mwenye kuivunja, na humwonya. Kauli ya Kijerumani haimtambui kabisa.

Kiswahili kingeweza kumshinda Mwingereza katika tafsiri hii bila ya jasho. Kiambishi cha Kijerumani -bar kina ndugu yake kwetu, nacho ni kile kinyambuo kinachotupa vunjika, lika, pitika na gusika. "Utu wa mwanadamu haugusiki": mizani ni michache, hali imetajwa, amri haikutajwa, na maana imebaki nzima. Tunalisema hili si kwa kujisifu. Tunalisema kwa sababu waandishi wetu wa sheria wamezoea kuifuata shall kwa kiambishi cha -ta-, wakaandika "atateua", "atakuwa", "itafanyika", na katika sikio la mtu wa kawaida -ta- ni ahadi au utabiri. Mvua itanyesha, na mgeni atakuja. Amri kwetu iko katika "ateue" na "ifanyike". Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliona udhaifu wa shall katika Kiingereza chenyewe, wakaandika must mahali pake. Itakuwa ajabu sisi tuendelee kulibeba kosa ambalo wenyewe wameanza kulitua.

Lakini must nayo ina mtego wake, na mtego huo uko katika ukanushi. Kijerumani kina muss, ndugu wa must kwa damu. Mtu atadhani kwamba muss nicht ni must not, na hapo ndipo anapopotea. Mwingereza akikwambia you must not speak, amekukataza kusema. Mjerumani akisema kwamba mtuhumiwa muss nicht kusema, amempa hiari ya kunyamaza. Kwanza tunatafsiri "asiseme", na ya pili "si lazima aseme". Akitaka kukataza, Mjerumani huleta kitenzi kingine, dürfen, kitenzi cha ruhusa, akakikanusha. Fikiria basi mtuhumiwa mbele ya polisi katika nchi ya ugeni, na mkalimani asiyekuwa makini kati yao. Haki ya kunyamaza, ambayo nchi zote mbili zinaitambua, yaweza kugeuka amri ya kunyamaza, na mtu aliyekuwa na la kujitetea akalimeza.

Hayo ni ya haki. Sasa mpaka. Kiingereza cha sheria aghalabu huutia mpaka ndani ya tumbo la sentensi. Huja subject to mwanzoni, au provided that katikati, au except mwishoni, na msomaji hana budi kuishikilia pumzi yake kama mwimbaji wa ubeti mrefu. Kijerumani huupa mpaka kifungu chake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Msingi, katika fungu la kwanza, kinampa kila mtu haki ya kusema na kueneza maoni yake. Fungu la pili linataja mipaka: sheria za jumla, sheria za kuwalinda vijana, na haki ya heshima ya mtu. Neno lililotumika ni Schranken, na Schranke ni kile kizuizi kinachoteremshwa barabarani garimoshi linapopita, kisha kikainuliwa. Wanazuoni wao wakaendelea mbele, wakabuni istilahi ya Schranken-Schranken, vizuizi vya kuzuia vizuizi. Kimojawapo kimo katika kifungu cha 19: haki ya msingi isiguswe katika kiini chake kwa hali yoyote ile. Mpaka nao umewekewa mpaka.

Mtu akisoma hadi hapa atasema kwamba Mjerumani ameshinda. Ameitenga haki, ameutenga mpaka, na juu ya mpaka ameweka mlinzi. Lakini uhakiki wa sheria hauishii kwenye karatasi. Tuvipime vitabu viwili vya riwaya vilivyofikishwa mahakamani, kimoja London na kimoja Ujerumani, tuone maneno yaliwafaa nini waandishi.

Riwaya ya D. H. Lawrence kuhusu Bibi Chatterley ilichapishwa kwa faragha mjini Florence mwaka 1928, na miaka 32 ikapita kabla kampuni ya Penguin haijathubutu kuitoa nzima Uingereza. Mwaka 1960 kampuni ikashtakiwa chini ya Sheria ya Machapisho Machafu ya mwaka 1959. Itazame sheria hiyo. Haianzi kwa kusema kwamba mwandishi ana haki. Inaanza na kosa: kitabu ni kichafu ikiwa athari yake ni kuwapotoa na kuwaharibu wale waelekeao kukisoma. Kisha, katika kifungu cha 4, unafunguliwa mlango mdogo: mtu asitiwe hatiani ikithibitika kwamba uchapishaji ule una manufaa kwa umma kwa ajili ya sayansi, fasihi, sanaa au elimu. Fasihi haikupewa haki. Ilipewa udhuru. Hata hivyo mawakili waliingia kwa mlango huo huo mdogo na mashahidi 35, na tarehe 2 Novemba 1960 raia 12 walioapishwa wakasema hapana kosa. Kitabu kikauzwa kwa shilingi tatu na nusu, na siku ya kwanza zikanunuliwa nakala laki mbili.

Sasa ya pili. Klaus Mann, aliyeukimbia utawala wa Hitler, alichapisha Amsterdam mwaka 1936 riwaya aliyoiita Mephisto. Mhusika wake mkuu, Hendrik Höfgen, ni mwigizaji anayeiuza nafsi yake kwa watawala ili apate cheo. Kila aliyejua mambo ya jukwaa la Kijerumani alimtambua Gustaf Gründgens, mwigizaji maarufu aliyewahi kuwa shemeji yake mwandishi. Mann alifariki mwaka 1949, mwaka ule ule wa Sheria ya Msingi. Gründgens alifariki mwaka 1963. Mtoto wa kulea wa Gründgens akaenda mahakamani kuzuia riwaya isichapishwe Ujerumani ya Magharibi, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Katiba.

Fungu la tatu la kifungu cha 5 linasema kwamba sanaa ni huru. Halina subject to wala provided that, na mipaka iliyotajwa katika fungu la pili haikutajwa tena hapo. Ukilisoma kama shairi, utasema huu ndio uhuru kamili. Mahakama, tarehe 24 Februari 1971, ilikubali kwamba mipaka ya fungu la pili haiifungi sanaa. Ila ikasema kwamba haki isiyotajiwa mpaka huupata mpaka wake ndani ya Katiba yenyewe, na hapo ikarejea kwenye kauli ile ya kwanza, utu usiogusika. Utu wa mtu, ikasema, haufi naye siku ile ile, ingawa kinga yake hufifia kadiri kumbukumbu inavyofifia. Majaji waligawanyika watatu kwa watatu. Kwa kanuni za mahakama hiyo, kura zikilingana mlalamikaji hawezi kushinda. Riwaya ikabaki imezuiwa. Ilichapishwa huko mwaka 1981, na safari hiyo hakuna aliyeshtaki.

Msomaji wa pwani ataielewa kesi hii haraka kuliko wengi, kwa sababu Mephisto ni fumbo. Sisi tumelelewa na mafumbo, katika malumbano ya washairi, katika taarabu, hata katika jina la kanga. Mshairi hutaja mti, ndege au chombo, na mlengwa akilalamika huwa amejitaja mwenyewe. Fumbo ndilo mpaka wetu wa kale wa haki ya kusema: sema, lakini usimtaje. Mahakama ile ya Kijerumani iliikataa kinga hiyo. Iliona kwamba sura ya Gründgens haikugeuzwa vya kutosha, na wasomaji wangemtambua. Nasi tunao msemo kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Majaji waliwahesabu wasomaji wote kuwa werevu, na kwa werevu wao kitabu kikafungwa. Mwaka 2007, katika kesi ya riwaya nyingine, mahakama iyo hiyo ilisema kwamba riwaya idhaniwe kuwa ya kubuni mpaka ithibitike vingine, na kwamba kadiri mwandishi anavyomkaribia mtu halisi, ndivyo anavyodaiwa kugeuza zaidi. Nayo pia ilibaki imezuiwa.

Hukumu yetu ni ipi basi? Maandishi ya Kijerumani ni bora kwa mpango na kwa uzuri, na kauli ya utu ni miongoni mwa sentensi nzito zilizopata kuandikwa katika sheria. Yale ya Kiingereza ni mazito kuyasoma na mafupi wa ukarimu. Lakini sheria ya Kiingereza ilimwambia mchapishaji mapema kosa liko wapi na mlango uko wapi, akaweza kujipanga. Sheria ya Kijerumani ilimwambia mchapishaji kwamba uwanja hauna ukuta, naye akaujua ukuta alipoupiga kichwa. Hatusemi kwamba majaji walikosea kumhurumia marehemu. Heshima ya maiti ni jambo zito hata kwetu. Tunasema kwamba kasoro ilikuwa katika ukimya wa maandishi. Mpaka usioandikwa huja kuandikwa baadaye na mtu mwingine, katika chumba ambamo mwandishi hayumo. Na katika shauri hili mwandishi alikwisha kufa miaka 22 kabla.

Jambo hili linatugusa sisi pia. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, tangu haki za binadamu zilipoingizwa humo mwaka 1984 hadi mabadiliko ya mwaka 2005, ilianza kwa kusema kwamba uhuru wa maoni uwe bila ya kuathiri sheria za nchi. Sharti lilitangulia, haki ikafuata, kama bawabu anayekusalimu kabla ya mwenye nyumba. Maneno "bila ya kuathiri" ni laini, na mtu asiyekuwa mwanasheria huyapita bila ya kusimama. Ilhali kwa hakika yalikuwa yakisema kwamba sheria yoyote itakayotungwa yaweza kuipunguza haki ile. Mwaka 2005 sharti hilo liliondolewa hapo. Mipaka imebaki katika ibara ya 30, mbali kidogo, inayohusu haki zote kwa pamoja. Sentensi ya haki sasa ni safi zaidi, na wapenda lugha wataifurahia. Ila anayeisoma ya 18 pasi na ya 30 amesoma nusu ya shairi. Katika tarbia, mwanzo, mloto na mleo huweza kukusifu hadi ukavimba kichwa, kisha kituo kikakuumbua. Na kituo ndicho watu wanachoondoka nacho.

Tunaomba jambo moja kwa wanaotunga na kutafsiri sheria kwa Kiswahili. Kabla ya kuipeleka kazi yao kwa mpiga chapa, wamsomee kwa sauti mtu mwenye sikio la mashairi, mzee yeyote wa barazani, kisha wamwulize: hapa umekatazwa, umeruhusiwa, au umeahidiwa tu? Na mpaka umeusikia wapi? Akiyajibu hayo bila ya kusita, sheria imeandikwa. Akisita, wairudie.